Kadi Imeingia, Laptopu Kimya: Utajuaje Kama Kosa ni la Draiva

Msimu wa harusi ukipamba moto Mombasa, mafundi wa kompyuta huletewa kisa kile kile. Mpiga picha ametoka ukumbini usiku wa manane, kadi zake zimejaa, na asubuhi anapochomeka ya kwanza kwenye laptopu hakuna kinachotokea. Hakuna mlio, hakuna folda, hakuna herufi mpya ya diski. Anaichomoa, anaipuliza, anairudisha. Hali ni ile ile. Akifika dukani huambiwa moja kati ya mawili: "Draiva zimeharibika," au "Kadi imekufa, tuifomati tujaribu tena." Mara nyingi maneno hayo hutamkwa kabla ya mtu yeyote kuangalia chochote, na hilo la pili linaweza kufuta harusi nzima ya watu.

Nataka tuanze na draiva, yaani programu ndogo inayoiwezesha Windows kuwasiliana na kifaa, kwa sababu ndiyo inayolaumiwa zaidi na ndiyo isiyoeleweka. Draiva ya kisoma kadi inaweza kukosekana, kuharibika, au kuwa ya kifaa kingine, na yote hayo yanatengenezeka nyumbani bila kumlipa mtu. Lakini kazi ya draiva ina mipaka. Ukiijua mipaka hiyo utaacha kupakua mafaili usiyoyahitaji, na utajua mapema kama shida iko kwenye kadi, kwenye tundu, au kwenye Windows yenyewe.

Kati ya kadi na skrini kuna maswali matatu, na yanafuatana. Je, laptopu inakiona kisoma kadi? Je, kisoma kadi kinaiona kadi? Je, Windows inaelewa kilichoandikwa ndani ya kadi? Draiva inahusika na swali la kwanza lote na sehemu ya swali la pili. La tatu halimo katika kazi yake. Mzigo ukishushwa Kilindini hautoki bandarini kwa sababu tu umefika. Lazima awepo wakala anayezijua karatasi za mzigo huo hasa. Draiva ndiye wakala huyo. Anaijua chipu yake moja, na wakala wa chipu nyingine hawezi kuitoa, hata kama laptopu mbili zinafanana jina na rangi.

Kilichoko nyuma ya tundu

Ndani ya laptopu, nyuma ya lile tundu jembamba la ubavuni, mna chipu ndogo. Nyingi ni za Realtek ya Taiwan. Nyingine ni za Genesys Logic, Alcor Micro au O2Micro, na katika laptopu za zamani utakutana na Ricoh na JMicron. Jina lililoandikwa kwenye mfuniko, liwe HP, Dell au Lenovo, halikuambii ni chipu ipi iliyo ndani, kwa sababu kampuni hizo hununua chipu kutoka kwa wengine na zinaweza kubadilisha muuzaji hata ndani ya modeli moja.

Chipu hizi huunganishwa na bodi kuu kwa njia mbili, na hapa ndipo mkanganyiko mwingi unapoanzia. Zipo zinazopita njia ya USB, ijapokuwa hakuna waya wala tundu la USB unaloliona. Muunganisho umefichwa ndani. Zipo zinazopita njia ya PCI Express, ile ile inayotumiwa na kadi ya Wi-Fi.

Sasa, baadhi ya zile za USB hufuata kanuni ileile ya flashi. Windows ina draiva yake ya flashi, faili liitwalo usbstor.sys, na hiyo inatosha. Ndiyo maana kisoma kadi cha nje cha bei nafuu ukikichomeka hufanya kazi papo hapo bila kuulizwa lolote. Lakini chipu kama RTS5129 na RTS5139 za Realtek, ingawa zimepita njia ya USB, hazifuati kanuni hiyo. Zina mawasiliano yao wenyewe, na bila draiva ya Realtek hazifanyi kitu. Za PCI Express nazo zimegawanyika. Zile zinazofuata kanuni ya pamoja ya kadi za SD huhudumiwa na Windows kupitia faili la sdbus.sys. Zile kama RTS5229 na RTS5249 hutaka draiva ya Realtek, ambayo faili lake utaliona kwa jina la RtsPer.sys.

Kwa hiyo watu wawili wenye tatizo moja machoni wanaweza kuhitaji tiba mbili tofauti kabisa. Mmoja hana draiva yoyote ya kutafuta mtandaoni, kwa kuwa draiva yake imo tayari ndani ya Windows, na akipoteza siku nzima kuitafuta hataipata. Mwingine hatapona mpaka apate faili la chipu yake.

Pima kwanza, ndipo uguse

Kabla ya kufungua ukurasa wowote wa draiva, badilisha vitu viwili kwa zamu. Weka kadi nyingine, ambayo una hakika inasoma kwingine, kwenye tundu la laptopu. Kisha chukua kadi yenye shida uiweke kwenye kisoma kadi cha nje au kwenye kamera yenyewe. Ikiwa kadi nyingine inasoma kwenye tundu lako, draiva yako ni nzima. Achana nayo na uishughulikie kadi. Ikiwa kadi yenye shida inasoma kwa kisoma kadi cha nje, kadi ni nzima na picha zimo. Nakili kila kitu hapo hapo, kabla ya jambo lingine lolote, ndipo urudi kwenye tundu. Ikiwa haisomi popote, hakuna draiva itakayoifufua.

Kipimo hiki kinachukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai, na bado ndicho kinachorukwa zaidi. Sielewi kwa nini duka lolote linalopokea kadi za wateja lisiwe na kisoma kadi cha nje na kadi moja ya majaribio juu ya meza.

Hakikisha pia kwamba tundu unalolitumia ni la kadi ya SD. Laptopu nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya maofisi, kama Latitude, EliteBook na ThinkPad, zina tundu pana la kadi za utambulisho za wafanyakazi, lenye upana wa kadi ya benki. Kadi ya SD huingia humo, hulegea, na haitasomwa kamwe. Nyingine zina tundu la laini ya simu ambalo mtu hulidhania la kadi ndogo ya microSD. Na laptopu nyingine hutoka kiwandani zikiwa na kipande cha plastiki chenye umbo la kadi kilichoziba tundu. Kibonyeze kitoke kwanza.

Kusoma Device Manager

Ikiwa kipimo kimeonyesha kwamba shida iko upande wa laptopu, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika devmgmt.msc, kisha bonyeza Enter. Hapo inafunguka orodha ya vifaa vyote, iitwayo Device Manager. Kisoma kadi kinaweza kuwa chini ya "Memory technology devices", chini ya "SD host adapters", au katikati ya orodha ya USB, kutegemea chipu. Kama draiva yake haipo, kitakuwa chini ya "Other devices" kikiwa na alama ya njano, na jina lake litakuwa la kukatisha tamaa: "PCI Device", "Base System Device", au "USB2.0-CRW". Hilo la mwisho ni karibu sawa na sahihi ya Realtek; ukiliona, ujue umekutana na moja ya zile chipu za USB zisizofuata kanuni ya flashi.

Bonyeza kifaa hicho mara mbili usome kilichoandikwa kwenye kisanduku cha hali. Namba ya kosa ina maana. Kodi 28 maana yake draiva haijawekwa kabisa, na hili ndilo kosa jepesi kuliko yote. Kodi 22 maana yake kuna mtu amekizima kifaa kwa mkono. Bonyeza kukiwasha, basi. Kodi 10 ni draiva ipo lakini kifaa kimekataa kuanza, na mara nyingi hutokana na draiva isiyo yake au toleo lililoingia vibaya. Kodi 52 inasema Windows haiiamini sahihi ya draiva hiyo, dalili kwamba ilichukuliwa mahali pasipofaa au ni ya zamani mno. Kodi 43 ndiyo ya kuogopwa kidogo: kifaa chenyewe kimetoa taarifa ya hitilafu. Inaweza kupona kwa draiva mpya, lakini ikirudi baada ya hapo, fikiria vyuma, si programu.

Kama hukioni kabisa, usikate shauri haraka. Katika baadhi ya laptopu chipu hulala ili kuokoa betri na hupotea kwenye orodha mpaka kadi iingizwe. Ingiza kadi, kisha kwenye menyu ya Action chagua "Scan for hardware changes". Kwenye menyu ya View chagua pia "Show hidden devices".

Na jambo moja linalowapotosha hata wazoefu: tangu Windows 8, kuzima laptopu na kuiwasha tena si sawa na kuchagua Restart. Ukizima kwa kawaida, Windows huihifadhi sehemu yake ya ndani, draiva zikiwemo, ili iwake upesi kesho yake. Draiva iliyokwama hurudi ikiwa imekwama vilevile. Restart ndiyo inayoianzisha upya kutoka mwanzo. Jaribu hiyo kabla ya kufuta chochote. Kuna kesi huishia hapo.

Namba ya chipu ndiyo kitambulisho

Sasa tupate draiva yenyewe. Kwenye dirisha lile la kifaa, fungua ukurasa wa Details, kisha kwenye orodha ya kuchagua chukua "Hardware Ids". Utaona mstari kama huu: PCI\VEN_10EC&DEV_5229. Usiogope. Herufi nne zinazofuata VEN ni mtengenezaji. 10EC ni Realtek. Zinazofuata DEV ni chipu. Hapa ni 5229, yaani RTS5229. Kwa zile za USB utaona VID na PID badala yake: 0BDA ni Realtek, 058F ni Alcor Micro, 05E3 ni Genesys Logic. Ukiona 1217 kwenye PCI, hiyo ni O2Micro.

Namba hiyo ndiyo ya kufuata, kuliko jina la laptopu na kuliko ushauri wa mtu ambaye "yake ilikubali hii". Kwa namba hiyo unaweza kuhakikisha kwamba faili unalopewa ni la chipu yako.

Pa kuchukulia ni pachache na pana mpangilio. Pa kwanza ni tovuti ya kampuni ya laptopu, kwa namba ya laptopu yako iliyoandikwa chini yake. Dell huiita Service Tag na ina herufi na tarakimu saba. Chagua toleo lako la Windows, tafuta "card reader", pakua. Ikiwa ukurasa una draiva za Windows 10 tu na wewe unatumia Windows 11, jaribu hiyo ya Windows 10 ya biti 64. Kwa kawaida hukubali. Pa pili ni Windows Update, kwenye sehemu ya masasisho ya hiari, ambako watu wengi hawafiki kwa sababu iko ndani ndani. Pa tatu ni ghala la Microsoft la masasisho, catalog.update.microsoft.com, ambako unaweza kubandika ile sehemu ya VEN_10EC&DEV_5229 na kuona draiva zilizotiwa sahihi za chipu hiyo.

Nje ya hapo sipendekezi popote. Zile programu zinazojitangaza kwamba zitakagua laptopu na kusasisha draiva zote kwa bonyezo moja ndizo chanzo cha Kodi 10 nyingi, na baadhi huja na takataka nyingine zinazojificha kwenye laptopu kwa miezi. Draiva ya kisoma kadi haiuzwi. Yeyote anayekutoza ili uipakue amekutoza kwa kitu cha bure.

Kama draiva ilikuwepo na imeharibika, iondoe kwanza: bonyeza kifaa kwa kitufe cha kulia, chagua "Uninstall device", weka alama kwenye kisanduku kinachosema draiva nayo ifutwe, kisha Restart, ndipo uweke ile mpya. Ukiweka mpya juu ya mbovu, mbovu inaweza kubaki. Na kama kisoma kadi kilikuwa kizima mpaka sasisho la juzi, huna haja ya kupakua chochote: kwenye ukurasa wa Driver kuna "Roll Back Driver", inayorudisha ile ya awali.

Laptopu za "ex-UK"

Sehemu kubwa ya laptopu zinazouzwa madukani Mombasa ni zilizotumika ng'ambo, zile tunazoziita "ex-UK". Ni mashine imara na sina neno nazo. Ila zina mambo mawili yanayohusu somo letu.

La kwanza, zikifika hufutwa na kuwekewa Windows mpya iliyo tupu. Draiva zile za mtengenezaji zilizokuja nazo kutoka kiwandani zimekwenda na diski ya zamani. Wi-Fi inashika, sauti inatoka, muuzaji anaona kazi imekwisha. Tundu la kadi halijaribiwi kwa sababu mnunuzi haulizi. Basi ukienda kununua, beba kadi yako, ichomeke mbele ya muuzaji, na ufungue Device Manager uone kama kuna alama za njano.

La pili ni zito zaidi. Mashine hizi zilikuwa mali ya ofisi, na ofisi nyingi hazitaki mfanyakazi aingize au atoe kadi. Huenda fundi wa ofisi alilifunga tundu kwenye BIOS, ile programu ya chini inayowaka kabla ya Windows. Likifungwa huko, Windows haioni chochote, na unaweza kuweka draiva mpaka uchoke. Zima laptopu, iwashe, na uguse kitufe cha kuingilia mara kadhaa: F2 kwa Dell, F10 kwa HP, F1 kwa ThinkPad. Tafuta mahali palipoandikwa SD Card au Card Reader, uhakikishe pamewashwa. Katika Latitude nyingi kuna chaguo jingine hapo hapo, la kuruhusu kadi isomwe tu bila kuandikwa. Ukiwa unapata ujumbe kwamba kadi imelindwa, na kadi zote zinapata ujumbe huo huo, angalia hapo kabla ya kulaumu kadi.

Na kama BIOS inakudai nywila usiyoijua, mrudishie aliyekuuzia. Kuiondoa ni kazi yake, na inafaa kudaiwa kabla fedha hazijatoka mfukoni.

Draiva ni nzima, kadi bado haionekani

Tuseme Device Manager ni safi, hakuna alama ya njano. Bonyeza Windows na R tena, andika diskmgmt.msc. Huu ni ukurasa wa diski, na unasema mengi kwa maneno machache.

Ukiona kadi ipo, ina ukubwa wake, ila haina herufi, basi ni jambo la dakika moja: bonyeza kwa kitufe cha kulia, chagua "Change Drive Letter and Paths", ipe herufi isiyotumika. Ukiona "No Media" ilhali kadi imo ndani, kisoma kadi kipo na draiva inafanya kazi, lakini hakiihisi kadi. Hapo mtuhumiwa ni mguso wa vyuma au kizazi cha kadi. Ukiona neno RAW, kadi imesomwa lakini Windows haikuelewa mpangilio wa mafaili yake. Hilo ni swali la tatu, na draiva haina mchango humo.

Kizazi cha kadi kinahitaji maelezo. Kadi za SD zilizinduliwa mwaka 1999 na SanDisk, Panasonic na Toshiba, na zile za mwanzo ziliishia GB 2. SDHC zikaja 2006, mpaka GB 32. SDXC zikaja 2009, zaidi ya GB 32 mpaka TB 2. Kwa nje zote zina umbo moja na zote huingia tundu moja, lakini chipu ya kabla ya 2009 iliundwa wakati SDXC haipo. Baadhi hukubali kwa draiva mpya zaidi. Nyingine hazitakubali kamwe. Kama laptopu yako kongwe inasoma kadi ya GB 16 na inanyamaza kwa ya GB 128, huo ndio mpaka. Njia ya mbele inakwenda vizuri: kisoma kadi kipya husoma kadi zote za zamani.

Vizazi hivyo hutofautiana pia kwa mpangilio wa mafaili. SDHC hutumia FAT32, SDXC hutumia exFAT. Windows za sasa husoma zote mbili. Kwa wanaotumia Linux, exFAT iliingia kwenye kerneli (kiini cha Linux) ya 5.4 mwaka 2019 na ikaboreshwa kwenye 5.7 mwaka 2020. Huko draiva za Realtek zimo ndani tayari kwa majina ya rtsx_pci na rtsx_usb, na amri ya dmesg mara tu baada ya kuingiza kadi itakuonyesha kama imeonekana kwa jina la mmcblk.

Ujumbe unaotisha kuliko wote ni ule wa "You need to format the disk". Windows huutoa kila inapokuta mpangilio isioufahamu. Haimaanishi kadi ni tupu wala kwamba imekufa. Kuna hali moja ambayo kadi ni nzima kabisa na bado ujumbe huo utatokea: kadi ya microSD iliyotolewa kwenye simu. Tangu Android 6.0 ya mwaka 2015, simu huweza kuifanya kadi kuwa sehemu ya hifadhi yake ya ndani, na ikifanya hivyo huifunga kwa siri ambayo simu hiyo pekee inayo. Kompyuta yoyote itakayoiona itaomba kuifomati. Ukikubali, kila kitu kimekwenda. Irudishe kwenye simu ile ile, utoe mafaili kwa kebo.

Chumvi, mchanga na kile kitufe cha ubavuni

Mji huu una hewa ya bahari kila siku ya mwaka, na hewa hiyo haina huruma kwa shaba. Ndani ya tundu la kadi mna vijimeno vidogo vya chuma vinavyogusa sehemu za dhahabu za kadi. Unyevu wenye chumvi huvifanya viote ukungu wa kijani, na kwa wapiga picha wa ufukweni, kuanzia Pirates mpaka Nyali, mchanga laini huingia na kukaa huko. Dalili yake ni tofauti na ya draiva na ni rahisi kuitambua: kadi inasoma ukiibonyeza kwa kidole, inapotea ukiachia, au inasoma asubuhi, inakataa jioni. Draiva haibadiliki kwa kubonyezwa.

Usipulize kwa mdomo. Mate nayo ni unyevu. Zima laptopu, toa betri kama inatoka, tumia hewa ya kopo au brashi laini kavu kwa mchanga. Kwa ukungu, alkoholi ya isopropili kidogo kwenye kitambaa chembamba kisichotoa nyuzi, kisha uache ikauke kabisa. Sehemu za dhahabu za kadi futa kwa raba safi ya penseli, taratibu. Wanaofanya kazi ufukweni wahifadhi kadi kwenye kibweta chenye vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya.

Kitufe kidogo cha kufungia kilichoko ubavuni mwa kadi kubwa, na kwenye adapta za microSD, hakina umeme wowote. Ni kipande cha plastiki, na kisoma kadi ndicho kinachoangalia kimekaa wapi. Kikivunjika na kuanguka, kisoma kadi huona nafasi tupu na kuichukulia kadi kuwa imefungwa. Kipande chembamba cha selotepu juu ya nafasi ile hukidanganya vya kutosha ili uandike. Lakini kama kadi ya microSD isiyo na kitufe inakataa kuandikwa kila mahali, hasa iliyofanya kazi miaka, huenda imejifunga yenyewe kwa sababu sehemu zake za kuhifadhi zimechoka. Nakili kilichomo, na usiitumie tena.

Kama picha ni za thamani

Hapa naomba nisikilizwe. Ikiwa kadi inaonyesha RAW, au mafaili yametoweka, usiandike kitu chochote juu yake. Usiifomati, usiirudishe kwenye kamera kupiga picha "ya kujaribu". Kila kinachoandikwa kinakalia mahali pa kilichopotea. Programu ya bure iitwayo PhotoRec husoma kadi moja kwa moja, bila kujali mpangilio wa mafaili, na hutoa picha na video inazozitambua. Majina ya mafaili yatapotea, picha zitabaki. Chagua kuzihifadhi kwenye diski ya laptopu, kamwe si kwenye kadi ile ile.

Na kuna sababu ya pili ya kujifunza kuifanya kazi hii mwenyewe. Picha za siku ya kupamba, ambako wanawake hujumuika wenyewe kwa wenyewe bila buibui na wapiga picha wake ni wanawake, hazikupigwa ili zipite mikononi mwa kijana wa saiba ambaye bibi harusi hamjui. Familia zilizokataza simu mlangoni zilimwamini mpiga picha mmoja. Kadi ile ikiachwa dukani usiku kucha "itengenezwe", hakuna awezaye kusema imenakiliwa mara ngapi. Mpiga picha anayeweza kutofautisha kosa la draiva na kosa la kadi hana haja ya kuiacha. Na ikibidi fundi, akae naye mpaka kazi iishe, na nakala zote zifutwe mbele yake.

Kama mwisho wa yote chipu yenyewe imekufa, uliza fundi kwanza tundu limekaa wapi. Kwenye laptopu nyingine tundu na chipu vipo kwenye bodi ndogo ya pembeni, pamoja na tundu la USB, na bodi hiyo hubadilishwa kwa kufungua skrubu chache na kuchomoa waya mmoja. Kwenye nyingine vimechomelewa kwenye bodi kuu, na gharama ya kazi hiyo itapita mara nyingi bei ya kisoma kadi kizuri cha nje. Ukichagua cha nje, chukua cha USB 3, na kama kadi zako zina safu mbili za sehemu za dhahabu mgongoni, hizo ni UHS-II, aina yenye kasi kuliko UHS-I. Nunua kinachoandikwa hivyo, la sivyo zitasoma kwa kasi ya UHS-I tu.